Ufunguo Upande wa Sebuleni

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua miwani yako nayo siku hizi ina kiburi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipayuka mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza nani amefariki, na wewe bado ulikuwa unasema, "Haloo? Nani mwenzangu?" Basi turudi kwenye karatasi, angalau karatasi haina sikio bovu. Mkazamjomba anaendeleaje na magoti? Mwambie namsalimu sana.

Huku hatujambo. Mama amehamia kwangu tangu wiki ya pili ya Januari. Ile nyumba niliyokulia nimeipangisha kwa mwalimu mmoja mwenye watoto wanne, watu wasafi. Mama hakupinga. Alikaa kwenye gari amekumbatia mkoba wake, akaniuliza mara mbili tu tunaelekea wapi.

Mjomba, ungeiona nyumba yangu sasa! Ghorofa ya tatu, madirisha mawili makubwa, mwanga unaingia mpaka jikoni. Kuta nimezipaka rangi ya udongo mkavu. Sofa ya kijivu yenye miguu myembamba ya mbao. Meza ya katikati ni kipande cha gogo kama lilivyokatwa, ganda lake liko palepale pembeni. Najua ungeitazama ungesema fundi alichoka kupiga randa. Vikapu vya kusuka ukutani, bakuli la mawe laini ya mtoni, taa tatu zinazoning'inia kama vibuyu. Halafu mimea. Kumi na saba, nimeihesabu leo asubuhi nikiimwagilia. Kuna wenye majani mapana yaliyotoboka kama yameliwa na panya, kuna ya kutambaa inayoshuka kutoka kwenye rafu, na mmoja mrefu pembeni mwa kioo unaogusa dari. Siku hizi wateja wakija siwaonyeshi picha za kazi zangu. Nawakalisha sebuleni tu, wenyewe wanasema, "Nataka kama hapa."

Mama anasahausahau kidogo, umri huo. Chini ya meza nimeweka zulia jeusi la duara. Halikanyagi. Analizunguka ameshika ukuta, ananiambia, "Hicho kisima mtakifunika lini? Mtu atatumbukia." Tulicheka sana.

Sasa ombi langu. Nakuomba umtengenezee kiti. Mbao nyepesi, rangi ya asali, bila zile nakshi zako za zamani, tafadhali, kiendane na vingine. Ikiwezekana kiwe tayari kabla ya katikati ya Aprili, kwa sababu jarida moja la mambo ya nyumba linakuja kunipiga picha. Mimi, Mjomba! Kurasa nne.

Na kiti ukilete mwenyewe. Mwaka wa tatu huu hujamwona dada yako.

Mpwa wako

*

1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imenikuta na mafua ya vumbi la mbao, ndiyo maana karatasi ina madoa, usidhani nimelia. Mkazamjomba wako magoti yanamsumbua asubuhi tu. Jioni anatembea kwa majirani bila shida, sijui ni ugonjwa gani huo unaojua saa za kazi. Anakusalimu.

Hongera kwa jarida. Tangu utoto ulikuwa ukihamisha viti vya watu. Ulipokuwa na miaka sita ulikuja kwangu likizo, nikarudi kutoka karakana nikakuta kitanda changu kiko ukumbini kwa sababu, ulisema, "kilikuwa kimenuna kule ndani."

Kuhusu Dada nina maswali. Unijibu moja moja, usiyaruke.

Anajua choo kilipo bila kuonyeshwa? Anawauliza watu waliokwisha kufa? Akiamka usingizi wa mchana, anajua yuko wapi? Anakuita kwa jina lako?

Umeandika mlicheka kuhusu kisima. Yeye alicheka?

Zulia hilo litoe. Na kioo nacho kigeuze kielekee ukutani, au kitundikie kitambaa. Usiniulize kwa nini, nimesikia kwa watu tu. Na lile kabati lake lenye mlango wa kioo, lililokuwa chumbani, umeliweka wapi? Nililiunda mwaka alioolewa. Bawaba ya juu ilikuwa na mlio wake, alinikataza kuitia mafuta, akasema akiisikia anajua yuko kwake. Bora awe nalo karibu.

Kiti nitatengeneza. Kuja mwenyewe siwezi kwa sasa. Nina madawati arobaini ya shule na mwalimu mkuu ni mtu wa kuja kila siku kusimama mlangoni kama askari.

Mjomba wako

*

29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, tuko salama. Mkazamjomba nimemtafutia dawa ya kuchua, nitaituma na mtu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika, nisikufiche. Umeandika kama daktari anayemhoji mtu aliyemtupa mgonjwa. Mama anakula, anaoga, ananukia sabuni, ana chumba chake chenye dirisha. Choo anakijua, nimebandika karatasi mlangoni, basi. Kabati nilimwachia yule mwalimu pamoja na kitanda. Lilikuwa kubwa, jeusi, na huku kila kitu ni cha rangi nyepesi. Ningeliweka wapi? Zulia nimeliacha hadi picha zipigwe, kwa sababu ndilo linaloshikilia sebule. Ukilitoa, viti vinaonekana kama vimekuja kumsubiri mtu akaondoka.

Kioo, umejuaje? Kuna mwanamke anamsalimu humo. Juzi alimvutia kiti, akamwambia, "Keti mama, mbona unasimama, wenyeji wanakuja sasa hivi."

Kulikuwa na kituko kidogo wiki iliyopita. Niliporudi nilimkuta ameuvua majani ule mmea wa matundu, ameyakatakata kwenye sufuria, na moja amelitafuna. Midomo ilimvimba, mate yakawa yanamtoka, hawezi kusema. Kumbe ule mmea una utomvu unaowasha vibaya. Mwenye duka la dawa alimwosha kinywa, akampa kitu cha kumeza, jioni akawa mzima. Nimeihamishia mimea mingine juu, asikoweza kufika. Mchana nikiwa kazini anakaa na fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mama mwenye subira. Anampa vipande vya vitambaa avikunje, anakunja siku nzima.

Wapiga picha wanakuja tarehe kumi na nne. Siku hiyo fundi cherehani ana harusi ya ndugu yake, hayupo. Nitajua la kufanya.

Kiti bado?

Mpwa wako

*

25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ni matumaini yangu hamjambo nyote wawili.

Mama aliteleza, akavunjika nyonga ya kulia. Amelazwa tangu tarehe kumi na nne. Amefanyiwa upasuaji na madaktari wanasema mfupa umekaa vizuri. Usije kwa haraka, wodi haina pa kukaa, na yeye amelewa dawa muda mwingi.

Picha zilipigwa.

Mengine tutaongea.

Mpwa wako

*

12 Juni

Mpwa wangu,

Poleni sana. Nimekaa na karatasi yako tangu mwezi uliopita, kila siku naanza kujibu, kila siku naranda ubao mwingine. Mkazamjomba wako alinifokea, akasema mimi ni mwoga. Sikubishana naye.

Kiti nimekituma na lori la saruji la jirani yangu, litafika kabla ya barua hii. Hakina nakshi. Nimekiwekea mikono mipana apate pa kushika akiinuka, na miguu ya nyuma nimeipanua, hakipinduki hata ukikisukuma. Kama yuko nyumbani sasa, mkalishe, uniambie kama urefu unafaa.

Sasa nikuambie kilichonipata Jumamosi. Nilikwenda kwa kinyozi. Kwenye benchi pale ana lundo la magazeti na majarida ya kupoza foleni. Nikachukua la juu, nikafungua, nikakuona wewe umekaa kwenye sofa ya kijivu, umevaa nguo nyeupe, unacheka. Nilimwonyesha kinyozi, "Huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu." Akawaonyesha wote waliokuwa wakisubiri. Wakakusifu. Mmoja akasema nyumba ile inapumua. Nilijisikia mkubwa, nikasahau hata kwamba zamu yangu imefika.

Kinyozi alinipa jarida nije nalo. Nimelitazama siku tatu. Mwenzio nimekuwa nikitengeneza milango kwa miaka arobaini na mbili, nikitazama picha ya chumba, jicho linakwenda kwenye mlango, siwezi kulizuia. Ukurasa wa tatu, nyuma ya ule mti mrefu, kuna mlango mweupe. Umefungwa. Ufunguo unaning'inia kwenye kitasa, upande wa sebuleni. Chini ya mlango kuna upenyo wa mwanga, na kwenye mwanga kuna vivuli viwili. Mwanzoni nilidhani ni miguu ya kiti. Nimechukua lenzi ya mkazamjomba wako ya kutungia sindano. Si miguu ya kiti.

Nani alikuwa nyuma ya mlango, mpwa wangu?

Mjomba wako

*

17 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe miezi miwili. Barua yako nimeibeba kwenye mkoba hadi mikunjo imechanika. Mkazamjomba natumaini dawa ilimfikia.

Mama yuko nyumbani tangu mwisho wa Mei. Hatembei. Muuguzi anakuja mara tatu kwa wiki, kwa sababu amepata kidonda mgongoni cha kulala sana. Kiti kilifika. Tulimwinua wawili tukamkalisha, akapitisha viganja vyake kwenye ile mikono mipana, mbele nyuma, mbele nyuma, kama anapiga pasi. Alikaa dakika ishirini, halafu nyonga ikamuuma, hajakikalia tena. Urefu unafaa.

Swali lako la mwisho unalijua jibu lake. Hata hivyo nitalijibu, pamoja na lile la Machi nililoliruka.

Haniiti kwa jina. Hajaniita tangu wiki ya kwanza. Anadhani mimi ninauza dukani. Siku ya tatu baada ya kuhamia aliamka usingizi wa mchana, akaja sebuleni amevaa viatu, amebeba mkoba, akatazama taa, akashika majani, akaniambia kwa adabu kabisa, "Duka lenu zuri, dada. Vitu vyenu vizuri sana. Lakini mimi sinunui leo, nataka kwenda nyumbani." Nikamwambia, Mama, hapa ndipo nyumbani. Akacheka kidogo, namna mtu anavyomcheka muuzaji anayeng'ang'ania. Tangu hapo ikawa kila siku. Mimi nilikuandikia kuhusu kisima kwa sababu hilo lilichekesha, hili halikuchekesha.

Tarehe kumi na nne walikuja watatu: mpiga picha, msaidizi wake wa taa, na mwandishi. Nilikuwa nimemwandalia Mama chai na mkate chumbani, nikamwekea redio. Nikafunga mlango kwa ufunguo. Nilijiambia ni kwa usalama wake, nyaya zilikuwa zimetapakaa. Lakini nyaya zingeweza kusogezwa, Mjomba. Sikutaka aje na mkoba wake awaambie duka letu zuri.

Saa ya kwanza alikuwa kimya. Halafu akaanza kugonga. Si kwa nguvu. Akasema, "Dada, fungua. Mimi mteja tu." Mpiga picha akanitazama. Akagonga tena. "Dada, sijachukua kitu. Nikague mkoba. Sijaiba kitu chenu."

Mwandishi akauliza, "Kuna mtu humo?"

Nikamjibu, "Ni mama anayenifanyia usafi. Ana matatizo kidogo ya akili, namsaidia tu."

Ndivyo nilivyosema. Nilisema na uso unacheka, maana mpiga picha alikuwa ameniambia nisibadilishe uso.

Mwandishi akasema mimi ni mtu mwema. Wakaendelea. Sijui ile picha ya mlango ilipigwa saa ngapi, lakini vivuli ulivyoviona ni vya miguu yake, alisimama palepale muda wote huo akisubiri nimkague. Baadaye nikasikia kitu kinaburutwa. Alikuwa anavuta kigoda cha kuwekea vyungu vya mimea, kilichokuwa chumbani kwake, akakiweka chini ya dirisha lenye chungu kimoja juu. Nadhani alitaka kuita watu wa nje. Nikasikia kishindo.

Walikuwa wamebakiza picha moja. Niliwaacha waipige. Nikawasindikiza mpaka ngazini, nikawashukuru mmoja mmoja, nikangoja gari liondoke. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Ndipo nikafungua.

Hakuwa analia. Alikuwa amelala chali kati ya udongo na vigae vya chungu, mkoba kifuani. Aliponiona akasema, "Nitalipa hiki nilichovunja."

Zulia nimelitoa. Kioo nimekitoa. Mimea ameichukua fundi cherehani, yote. Kazi za kupamba nyumba za watu nimepata nyingi sana tangu jarida litoke, simu hailali, nazikataa moja baada ya nyingine, na wanaona najidai. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia haya. Wewe ulitazama mlango, basi yachukue.

Mpwa wako

*

30 Agosti

Mpwa wangu, mwanangu,

Marahaba. Sina habari za kukupa, na mafua yangu hayana maana leo.

Nilisoma barua yako nimesimama karakanani, nikakaa chini kwenye maranda. Ulichofanya ni kibaya. Sitakuambia si kibaya, utaniona mwongo. Lakini usikibebe peke yako, kwa sababu kabla ya mkono wako kugeuza ufunguo, wangu ulikuwa umekwisha kufunga mdomo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mama yako. Tazama tarehe. Ni ya miaka miwili na nusu iliyopita, mwandiko wake mwenyewe, wakati bado ana mwandiko. Nakunakilia sehemu yake hapa, kwa kuwa wino umefifia:

"Mdogo wangu kitindamimba, leo nimepotea. Nilikwenda kununua uzi, wakati wa kurudi sikuijua barabara yetu, ile ile niliyoizoea miaka yote. Nilikaa kwenye kibaraza cha watu mpaka ikanirudia. Si mara ya kwanza. Daktari ameniambia yanayokuja, hakunificha, nami sikufichi. Ameniambia nisihamishwe nyumba, nisibadilishiwe vitu, maana vitu ndivyo vitakavyonishika mkono. Nimemsikia. Lakini usimwambie mtoto. Ndiyo kwanza ameanza kazi yake, watu wanaanza kumjua. Akijua ataacha yote aje kunikalia hapa kama mlinzi. Mwache apambe nyumba za watu. Mimi nikizidiwa ndipo umwambie, na siku hiyo utaijua."

Hiyo siku niliijua. Niliijua Februari, niliposoma kisima. Ningekuandikia wakati ule ule: mrudishe kwake, mrudishie kabati lake, vitu vile vile, mahali pale pale. Badala yake nikakuuliza maswali, nikakutajia kioo, nikasema nimesikia kwa watu. Watu gani? Ni yeye, kwenye barua hiyo hiyo.

Kwa nini sikusema? Nilikuwa nimemwahidi, na ahadi ilinipa pa kujificha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikikuambia, ningepaswa kuja. Nikija, dada yangu aliyenifundisha kufunga viatu angenitazama na kuniuliza mimi ni nani. Madawati yale arobaini yalikwisha mwezi wa pili. Machi nilipokuandikia nina kazi, karakana ilikuwa tupu.

Nimekata tiketi ya basi ya Jumanne. Nitafika Jumatano mchana. Usihangaike na pa kulala, sofa yako ya kijivu naijua tayari.

Nikifika, unifokee unavyotaka. Nitaweka sikio zuri.

Mjomba wako

*

22 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Nadhani mlifika salama baada ya mazishi, nilipata ujumbe kutoka kwa jirani yako kwamba mkazamjomba alihimili safari. Mwambie ahsante kwa kunishika mkono siku nzima.

Nimerudi kwenye kuandika kwa sababu pale kwenye msiba haikuwezekana. Kila nililotaka kukuambia ingebidi nilitamke kwa kelele sikioni mwako, na watu sitini wangelisikia. Mara tatu nilikusogelea, mara tatu nikaishia kukuuliza kama umekula.

La kwanza ni hili. Nilikukasirikia. Ulipolala kwenye sofa yangu zile wiki tatu za Septemba, nikakupikia, nikakufulia, nilikuwa nimekukasirikia kila dakika. Ile barua yake niliisoma nikawa nahesabu: ungalinionyesha Februari, Mama asingalikaa nyuma ya mlango wowote. Halafu nilikuona ukimlisha, naye anakuita Baba, anakuomba ruhusa ya kutoka kwenda kucheza, na wewe ukamjibu kila mara, "Nenda, lakini usichelewe." Siku moja ulimjibu hivyo mara kumi na moja. Hasira haikwisha, isipokuwa nilichoka kuibeba na sinia la chakula kwa pamoja. Sasa sijui imefikia wapi. Nikiipata nitakuandikia.

La pili, nilikwenda kwa yule mwalimu kuomba lile kabati, Oktoba, ulipokwisha kuondoka. Sikukuambia. Watoto walikuwa wamelitoa mlango wakalifanya banda la kuku. Nilisimama pale uani, mwalimu ananiomba radhi, mimi namwambia haidhuru, ni lake. Nikarudi mikono mitupu. Mama hakujua kwamba nilikwenda, kwa hiyo hakuna aliyevunjika moyo ila mimi.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watu wengi wameniuliza maneno yake ya mwisho, nami nimewajibu alilala tu, na ni kweli, siku mbili za mwisho hakusema. Lakini siku moja kabla ya hapo alisema, na sijamwambia mtu.

Ilikuwa asubuhi, kama saa nne. Muuguzi alikuwa amemaliza kufunga kidonda, anapanga vitu vyake kwenye begi. Mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda namkata Mama kucha, nimemaliza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Akanitazama muda mrefu, akageuka kwa muuguzi.

"Huyu msichana ana mikono laini," akamwambia. "Hachoki. Mama yake angemwona hivi, angefurahi."

Muuguzi akaniangalia. Nikamuuliza Mama, "Unamjua mama yake?"

Akafikiri. Ulimwona anavyokunja uso akitafuta kitu.

"Simjui," akasema. "Lakini mwambieni."

Nilimjibu kwamba ataambiwa. Akaridhika, akafumba macho. Nikavimaliza vile viwili vilivyobaki, nikazunguka kitanda, nikauchukua mkono wa kushoto.

Mpwa wako